Shimo la Boston, shimo la Upper Hill

Wenzangu wa kazi tukikaa kuzungumzia miji ya Marekani, mazungumzo huanzia kwenye urefu. Mnara upi umepita mwingine, mall ipi ina maduka mengi, ni mabilioni mangapi ya dola yaliyomwagwa pale. Mimi ni mkadiriaji majenzi hapa Nairobi. Kazi yangu ni kuhesabu saruji, vyuma na siku kabla hazijatumika, na kuzihesabu tena zikishatumika. Miaka ya kazi hii imenifunza kuanza na swali jingine kabisa kuhusu mradi wowote wa mjini: kiwanja kilikaa wazi muda gani baada ya kubomolewa, na hasara ya muda huo ililipwa na nani?

Ukiuliza hivyo, sifa za miji hubadilika. Kuna miradi inayopigwa picha kila siku ambayo ilianza kwa kulinyima jiji usingizi kwa miaka, na kuna mingine isiyosemwa sana ambayo haikumfukuza mtu hata mmoja kwa bure. Mji ulionifundisha zaidi ni Boston.

Binamu yangu anaishi Lowell, mji mdogo kaskazini ya Boston wenye Wakenya wengi. Nilipomtembelea, yeye alitaka kunipeleka bandarini nikaone maji. Mimi nilimwomba anipeleke Downtown Crossing, kwenye kona ya mitaa ya Washington na Summer, kwa sababu pale palikuwa na duka la Filene's. Jengo lake lilisanifiwa na Daniel Burnham na kufunguliwa mwaka 1912. Lakini umaarufu wa mahali pale ulikuwa chini ya ardhi, kwenye ghorofa ya chini iliyoitwa Filene's Basement. Biashara hiyo ilianza mwaka 1909 kwa kanuni moja: kila nguo iliandikwa tarehe iliyoingia dukani, na kadiri ilivyokaa, ndivyo bei yake ilivyoshuka yenyewe, hatua kwa hatua. Nguo iliyofikisha siku 30 bila mnunuzi ilitolewa sadaka. Hapakuwa na kupigania bei na muuzaji. Ulishindana na wateja wenzako tu: usubiri bei ishuke zaidi, au uchukue leo kabla mwingine hajaichukua.

Niliporudi nilimweleza mama yangu habari hiyo. Mama ameuza mitumba katika soko la Gikomba tangu sijaanza shule. Anajua beli ikifunguliwa alfajiri, kamera, yaani nguo bora kuliko zote, zinatoka kwa bei ya juu kwa wenye maduka, halafu bei inateremka saa baada ya saa mpaka jioni, wakati kilichobaki kinauzwa kwa fungu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyo alikuwa mtu wa soko." Kwa mama hiyo ni sifa kubwa, na haigawi ovyo.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mwaka 2006 duka la juu lilifungwa baada ya kampuni mama kununuliwa na wenye Macy's. Waendelezaji wa ardhi wakaja na mpango wa mnara, hoteli, ofisi na maduka, na wakaahidi kwamba ile Basement ingefungwa kwa muda tu, kisha irudi mahali pake. Jengo la Burnham likabaki, sehemu kubwa ya majengo yaliyolizunguka ikabomolewa, kuta za mbele za kale zikaachwa zimesimama zikishikiliwa kwa vyuma, shimo likachimbwa. Mwaka huo ulikuwa 2008. Masoko ya fedha yakaanguka, mkopo ukatoweka, na ilipofika Novemba kazi ikasimama.

Shimo lilikaa hivyo karibu miaka mitano, katikati ya mtaa wa biashara wenye watu wengi kuliko mitaa mingi ya jiji lile. Binamu yangu wakati huo alikuwa anafanya usafi usiku kwenye jengo la ofisi la jirani. Alinionyesha kwa mkono njia waliyoizoea: walivuka upande wa pili wa barabara kabla ya kufika kwenye uzio, kwa sababu upande wa uzio ulikuwa na giza na upepo. Mwenye duka lililokuwa upande ule alipoteza wateja ambao hawakumkosea wala yeye hakuwakosea. Basement yenyewe haikurudi. Kampuni yake ilifilisika, na mwishoni mwa 2011 maduka yake yaliyosalia yakafungwa.

Jambo lililoniumiza zaidi katika habari hii lilisemwa wazi hadharani. Mwaka 2010 Steven Roth, mkuu wa Vornado, moja ya kampuni zilizomiliki mradi ule, aliwaeleza watu katika Chuo Kikuu cha Columbia jinsi alivyouacha uwanja mwingine wake wa Manhattan uchakae kwa miaka, akiamini kwamba kadiri unavyozidi kuwa mbaya ndivyo serikali itakavyokuwa tayari kumsaidia. Meya wa Boston, Thomas Menino, aliposikia alikasirika sana, na akatishia kuitwaa ardhi ile kwa nguvu za sheria. Namwelewa. Mtu akiniambia kwamba uchakavu ni sehemu ya mkakati wake, nataka kujua bei ya uchakavu huo imeandikwa kwenye hesabu za nani.

Mwisho wake ulikuwa mzuri kwa macho. Millennium Partners waliuchukua mradi, na mwaka 2016 mnara wa ghorofa 60 ukafunguliwa. Mwaka mmoja kabla yake Primark walifungua duka lao la kwanza Marekani ndani ya jengo la Burnham, na chini ya ardhi, ilipokuwa Basement, kukawa na duka la vyakula la Roche Bros. Niliingia humo. Ni safi, pana mwanga, watu wananunua. Nilisimama kati ya mboga na mikate nikijaribu kukisia ni wangapi kati ya wenye biashara ndogo wa 2008 waliofaulu kufika 2016 wakiwa bado na ufunguo wa mlango.

Chicago ilikaa zaidi. Eneo la Block 37, ng'ambo ya barabara kutoka duka la kihistoria la Marshall Field's, lilikuwa limesafishwa karibu lote kufikia 1990. Kilichobaki ni kituo cha umeme ambacho hakingeweza kuhamishwa. Mall ilifunguliwa mwaka 2009. Karibu miaka 20 katikati ya jiji la tatu kwa ukubwa Marekani! Jiji, kwa kweli, halikukaa bure. Wakati wa baridi waliligeuza uwanja wa kuteleza kwenye barafu, na kuanzia 1991 majira ya joto vijana walifundishwa sanaa pale chini ya mahema, mpango ulioitwa Gallery 37. Naupenda mpango ule, na ninajua mtu anayetetea kubomoa mapema atautumia kama ushahidi wake. Lakini hema la sanaa ni wema wa jiji kwa watoto wake. Halikumrudishia chochote mpangaji aliyetolewa mwaka 1989. Tena chini ya mall hiyo palipangwa kituo kikubwa cha treni za chini ya ardhi za kwenda viwanja vya ndege. Mamlaka ya usafiri ilitumia zaidi ya dola milioni 200, kisha mwaka 2008 ikasimamisha kazi, na ganda la kituo likabaki huko chini.

Detroit ndiko moyo wangu unakouma, labda kwa sababu mji wenyewe umesemwa vibaya mno na watu wasiouishi. Duka la J. L. Hudson kwenye Woodward Avenue lilikuwa miongoni mwa maduka makubwa kabisa ya nchi ile. Lilifungwa 1983. Likalipuliwa kwa baruti tarehe 24 Oktoba 1998, na vifusi vikaharibu reli ya juu ya People Mover iliyopita kando yake. Waliokuwa na nia njema walijenga maegesho chini ya ardhi mahali hapo, wakaacha vichwa vya nguzo za chuma vimechomoza juu ya uwanja, tayari kubeba jengo litakalokuja. Yeyote aliyewahi kuona nyumba ya kijijini yenye vyuma vilivyoachwa paani kwa ajili ya ghorofa ya mwaka ujao anajua matumaini hayo. Jengo halikuja hadi Desemba 2017, kampuni ya Bedrock ya Dan Gilbert ilipoanza kuchimba upya. Mnara wenyewe sasa una urefu wa zaidi ya mita 200, na mwaka 2024 General Motors walitangaza kuhamishia makao yao makuu humo. Kutoka kufungwa kwa duka hadi kuanza kwa ujenzi ni miaka 34. Mtoto aliyezaliwa siku duka lilipofungwa angeweza kuwa msimamizi wa sayti ile.

Kwenye eneo la vinamasi la Meadowlands, New Jersey, dakika chache kutoka Manhattan, kuna mall inayoitwa American Dream. Mpango ulikubaliwa mwaka 2003 chini ya jina la Xanadu, ujenzi ukaanza 2004, ukasimama 2009 baada ya benki ya Lehman Brothers, mmoja wa wafadhili wake, kuanguka. Gofu la jengo lake lenye rangi nyingi likakaa kando ya barabara kuu wazi machoni pa kila dereva. Kampuni ya Triple Five, wenye Mall of America ya Minnesota na West Edmonton Mall ya Kanada, wakaliokoa na kuanza kulifungua kwa awamu Oktoba 2019: kilima cha kuteleza kwenye theluji ndani ya jengo, bustani ya maji, mashine za michezo, zaidi ya dola bilioni 5 kwa jumla. Miezi michache baadaye janga la korona likafunga milango.

Kinachonivutia pale ni namna pesa zilivyopatikana, zaidi ya theluji yenyewe. Ili wakopeshaji wakubali, wamiliki waliweka rehani asilimia 49 ya zile mall zao mbili nyingine. Yaani mtu wa Minnesota ambaye hajawahi kufika New Jersey alikuwa ananunua viatu ndani ya jengo ambalo karibu nusu yake ilikuwa dhamana ya theluji ya mbali. Deni lilipokwama, wakopeshaji walikuwa na mahali pa kushika. Wao walilindwa, na walilindwa vizuri. Nimeuzungusha mfano huu kichwani mara nyingi, kwa sababu unaonyesha kwamba mwendelezaji anapolazimishwa kutoa dhamana, hutoa. Suala ni nani mwenye nguvu za kumlazimisha.

Hudson Yards ya New York, mtaa mpya wa minara na maduka, sitaikalia sana, imeshaandikwa vya kutosha. Nasema mawili tu. Kwanza, ilijengwa juu ya yadi ya treni zinazofanya kazi: nguzo zilipitishwa katikati ya reli, jukwaa likawekwa juu, na treni za abiria ziliendelea kuingia na kutoka. Pia jiji liliifikisha treni ya namba 7 pale mwaka 2015, miaka mitatu na nusu kabla ya maduka kufunguliwa Machi 2019. Kwa mtu wa hesabu, huo ni utaratibu wa kustahili heshima, maana watu walikuwa na njia ya kufika kabla ya mlango kufunguliwa, na hakuna shimo lililoachwa wazi kwa mtaa. Pili, walimpa mpangaji mmoja mkuu, Neiman Marcus, ghorofa tatu. Mei 2020 akaomba hifadhi ya kufilisika, na duka lile likafungwa kabisa. Sisi wa Nairobi hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Tuliishuhudia kampuni ya supamaketi ya Nakumatt ikizima taa tawi baada ya tawi hadi ikafilisiwa mwaka 2020, na tulitembea kwenye mall ambamo maduka madogo yalibaki yanaangaliana na shata kubwa iliyofungwa.

Nirudi nyumbani. Mei 2017 Rais Uhuru Kenyatta alizindua ujenzi wa The Pinnacle kule Upper Hill, mnara uliotarajiwa kupita mita 300 na kuwa mrefu kuliko yote Afrika. Shimo likachimbwa. Mzozo wa umiliki wa ardhi ukafika mahakamani, na kazi ikasimama. Sina la kuongeza kuhusu haki ya upande upi, hilo ni la mahakama. Nalitaja kwa sababu lilikuwa mtihani wetu wa wazi kabisa, mbele ya kamera, kuhusu lini mtu anafaa kuruhusiwa kuanza kuchimba.

Nao mradi ulionifanya niandike haya si ule. Ni mdogo, upande wa chini wa jiji, na sitautaja jina wala mwenyewe. Palikuwa na safu ya maduka ya zamani ya ghorofa moja, yenye mabaraza ya mbele. Fundi viatu. Mzee wa vipuri vya redio. Mama mmoja wa hoteli ya chai na chapati, ambaye makanga wa matatu za pale walimlipa Ijumaa baada ya kula wiki nzima. Nilikabidhiwa kuandaa hesabu za jengo la ghorofa nyingi lenye vyumba vya biashara vidogo vidogo, kama eksibishen zote za mjini. Notisi ikatolewa, wapangaji wakahama, tingatinga likaingia. Mkopo wa benki ulikuwa umeahidiwa kwa barua, haujatiwa sahihi.

Tulichimba. Benki ikabadili msimamo. Kontrakta alipokosa malipo alifanya anachoruhusiwa na mkataba, akaondoa watu wake na mitambo yake, pampu ikiwemo. Mvua za Aprili zikajaza shimo. Watu wanaopita huona uzio wa mabati na kudhani kwamba ndani mambo yamesimama tu, lakini shimo halisimami. Kuta za udongo zilizoshikiliwa kwa nanga za muda zimepigiwa hesabu ya miezi, si ya miaka. Maji yakipanda na kushuka, udongo nyuma ya ukuta unasogea, na jengo la jirani linausogelea. Mwaka uliofuata ukuta wa jirani ulikuwa na ufa unaoingiza kidole. Mbu, takataka, mtoto wa mtaani aliyetolewa humo na zimamoto akiwa hai, tunamshukuru Mungu.

Karatasi zangu za mradi ule zilikuwa na mstari wa kila kitu. Bei ya kila mita ya nondo. Bei ya choo cha mafundi. Bei ya mabati ya uzio kwa mwezi. Mama wa hoteli hakuwa na mstari. Nilimkuta ng'ambo ya barabara akiuza chai kwenye ndoo, jicho moja kwa wateja na jingine kwa kanjo, askari wa kaunti. Akanisalimia kwa jina langu na kuniuliza, kwa upole kabisa, "Na ile kazi yenu itaanza lini, binti yangu?" Mzee wa redio alipata kachumba ghorofa ya tatu ya eksibishen fulani barabara ya Luthuli, akalipa gudwili, yaani ada ya kuingilia, iliyommaliza akiba, na wateja wake wazee hawakuweza kupanda ngazi.

Kuna sababu za kipesa zinazowasukuma watu kubomoa mapema, na ni vizuri tuziseme. Marekani, katika miji mingi kodi ya mali huhesabiwa kwa ardhi pamoja na jengo, kwa hiyo jengo la zamani likiondoka bili inapungua. Hapa Nairobi kwa miongo mingi ada za ardhi zimekokotolewa kwa thamani ya ardhi peke yake, bila kuangalia kilicho juu yake, hivyo mwenye shimo na mwenye maduka yaliyojaa watu wanalipa sawa. Mifumo ni tofauti, lakini yote miwili haimwadhibu mwenye kiwanja kitupu. Zaidi ya hapo, kiwanja kisicho na wapangaji ni rahisi kuuza, rahisi kukopea, na hakina kesi ya kuwahamisha watu. Kubomoa kunaongeza thamani kwa mmoja hata kama jengo halitajengwa kamwe.

Na mbona isiwe lazima kubomoa? Atlanta wana ghala na duka kuu la zamani la Sears, jengo la matofali la mwaka 1926 kwenye Ponce de Leon Avenue, kubwa kupita kiasi. Jiji lililitumia kama ofisi kwa muda, kisha kampuni ya Jamestown ikalinunua na mwaka 2014 ikaanza kulifungua kama Ponce City Market: vyakula chini, maduka, ofisi na nyumba juu. Kando yake inapita BeltLine, njia ya miguu na baiskeli juu ya reli za zamani, wazo lililoanzia kwenye tasnifu ya mwanafunzi wa Georgia Tech, Ryan Gravel, mwaka 1999. Kodi za nyumba za eneo lile zimepanda sana na wakazi wa zamani wana malalamiko ya haki. Hata hivyo hakukuwa na siku ambayo uwanja ule ulikuwa shimo.

Eastleigh walilijua hili bila tasnifu. Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wafanyabiashara Wasomali waliokimbia vita wakaanza kuuza nguo vyumbani, chini ya vitanda kukawa stoo, na chumba kwa chumba loji ikageuka soko. Biashara ilikuja kwanza, jengo likaifuata. Mall zilizoota baadaye Eastleigh ziliwapata wapangaji wakiwa tayari wamejaa mtaani, wenye pesa mkononi za kulipia nafasi kabla ya zege kukauka. Ninapoulizwa ni mradi gani wa rejareja uliofaulu kupita yote niliyoisoma, Marekani na hapa, huwa nautaja huu, na wenzangu huona natania. Sitanii.

Sasa niseme ninachokitaka. Katika kazi yetu kontrakta hapewi sayti kabla ya kutoa dhamana ya utekelezaji kutoka benki au kampuni ya bima, kwa desturi hadi asilimia 10 ya thamani ya mkataba. Akitoroka kazini, mwenye mradi anaidai. Marekani wana sheria ya shirikisho tangu 1935, Miller Act, inayowalazimisha makontrakta wa kazi kubwa za serikali kuu kutoa dhamana mbili, moja ya kumaliza kazi na nyingine ya kuwalipa mafundi na wauzaji wa vifaa. Kontrakta anamdhamini mwenye mradi. Mwenye mradi hamdhamini mtu yeyote. Anaweza kubomoa, kuchimba na kuondoka, na mtaa ukabaki na shimo.

Napendekeza kaunti isitoe kibali cha kubomoa jengo lenye wapangaji bila vitu viwili mezani: mkataba wa mkopo uliotiwa sahihi, na dhamana ya benki ya kutosha kufukia shimo na kumlipa jirani ufa wake. Hesabu yake si ngumu, nimeifanya. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ukichimba kina cha mita 12 kwa ajili ya maegesho, unatoa zaidi ya mita za ujazo 48,000. Lori likibeba mita za ujazo 12, hizo ni safari zaidi ya 4,000 za kurudisha udongo, na kwa kweli ni nyingi zaidi kwa sababu udongo huvimba ukichimbwa. Zidisha kwa bei ya lori ya wiki hii, ongeza kushindilia, ongeza pampu na mlinzi wa mwaka mmoja. Hiyo ndiyo dhamana. Dhamana inarudishwa siku zege inapofika usawa wa barabara, kwa sababu kuanzia hapo hata jengo likikwama, chini yake hakuna shimo tena.

Nimeshaambiwa na mwendelezaji mmoja kwamba dhamana kama hiyo itaua miradi. Nilimwonyesha hesabu: kwa jengo la ghorofa 20, ada ya benki kwa dhamana ile ni ndogo kuliko bajeti aliyoniandikia ya vioo vya lango la mbele. Akaniuliza basi nani ataisimamia. Nikamjibu: wakaguzi wa kaunti wanaokuja kupima msingi ndio hao hao, siku hiyo hiyo, kwenye fomu ile ile. Mradi ambao hauwezi kuibeba ada hiyo haukuwa na pesa za kujenga tangu mwanzo, na mama wa hoteli angekuwa bado anauza chapati ndani ya baraza lake.